Methali Ilisema Jembe, Haikusema Mlango

Kuna methali moja ambayo sisi wanafunzi wa Kiswahili tumeichosha. Tunaiandika kwenye mitihani, tunaipachika kwenye insha za ukarimu wa Mwafrika, tunaitaja kama ushahidi wa hekima ya wahenga, kisha tunafunga daftari. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nimeisikia ikitumiwa kumtoa mtu katika chumba alichokilipia kwa miezi mitano, na aliyeitumia aliamini kabisa kwamba wahenga wako upande wake. Napinga matumizi hayo. Napinga pia uvivu wetu, sisi tunaojiita wana lugha, wa kuyaacha yapite bila kuulizwa.

Natoka Puta, wilaya ya Chiengi, nchi ya Wabwile, kwenye pembe ya kaskazini ya Ziwa Mweru upande wa Zambia. Ng'ambo yetu ni Pweto, Kongo, pale mto Luvua unapotoka ziwani. Ukishuka kusini kwa kufuata ufuko unafika Kashikishi na Nchelenge. Nyumbani tunasema Kibwile na Kibemba; Kiswahili kilitufikia sokoni, vinywani mwa watu wa Pweto, ndiyo maana baadhi yetu tulikuja chuoni tukiwa tayari na Kiswahili kinachowachekesha walimu. Kwetu kila kitu hufuata samaki. Uvuvi hufungwa tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wapate kuzaliana, na tarehe 1 Machi ziwa hufunguliwa. Gesti zetu zina kalenda hiyo hiyo. Machi hupati kitanda hata ukilia. Januari mwenye gesti anakaa kibarazani akihesabu mbuzi wanaopita.

Kwa hiyo anapotokea mtu wa kukaa kuanzia miezi ya joto hadi katikati ya masika, huyo ni riziki. Nao wapo: mfanyabiashara anayengoja madeni yake, mtu wa utafiti wa malaria, mwenye mgonjwa anayerudi hospitali kila wiki, mafundi wa barabara. Wanaingia kwa usiku mmoja au mbili. Usiku unazaa wiki, wiki inazaa mwezi, na hakuna siku ambayo mtu yeyote, mwenye nyumba au mlalaji, anasimama na kusema, haya, sasa mambo yamebadilika, tuzungumze upya. Ugomvi wote ninaoujua umezaliwa na ukimya huo.

Mama yangu mdogo ana gesti ya vyumba sita. Likizo ninapokuwa nyumbani mimi ndiye ninayeandika daftari la wageni, kwa hiyo ninachosimulia nimekiona kwa hesabu. Mwaka mmoja, tarehe 1 Oktoba, aliingia mama mmoja wa Pweto. Alikuwa ameuza vitenge na mafuta ya mawese kwa mkopo katika vijiji vya ufukoni, akaja kukusanya. Bei ilikuwa kwacha 100 kwa usiku. Alilipa usiku tatu. Wadeni wakamwambia wiki ijayo; akalipa wiki. Wiki ijayo ikawa na wiki ijayo yake. Desemba ziwa likafungwa, na mdeni ambaye ni mvuvi hana cha kulipa ziwa likifungwa, kwa hiyo akawa hana budi kungoja Machi kama kila mtu.

Kufikia wakati huo chumba namba nne hakikuwa tena chumba cha gesti ila kwa jina. Msichana wa usafi aliacha kuingia mwezi wa pili. Yule mama alifagia mwenyewe, akafua mashuka mwenyewe. Alinunua mbaula yake na mkaa wake, akapika nyuma ya nyumba. Akanunua kufuli yake baada ya ile ya gesti kuharibika. Alipanda mboga kidogo kando ya bafu. Watoto wa jirani walimwita kwa jina. Katika Januari, vyumba vinne kati ya sita vikiwa tupu, fedha yake ndiyo iliyolipa umeme na mshahara wa mlinzi.

Jioni ya tarehe 27 Februari mama mdogo akamwendea. Wanunuzi wa samaki walikuwa wamepiga simu kutoka Ukanda wa Shaba, wangelipa zaidi, na wangelala wawili chumba kimoja. Akamwambia kwa upole, kwani si mtu mbaya, "Dada, kesho nitahitaji kile chumba. Nina wageni."

Yule mama akauliza kwa Kiswahili cha kwao, "Na mie niko nani?"

Sijasikia swali zito zaidi la isimu jamii tangu niingie darasani. Mama mdogo hakuwa na jibu, ila alikuwa na methali. Asubuhi yule mama aliondoka. Kwa hesabu ya daftari alikuwa amelala usiku 150, deni la jumla kwacha 15,000, na alikuwa amelipa 12,700. Kwa zile 2,300 zilizobaki robota lake la vitenge lilibaki stoo, kama dhamana, hadi Mei alipokuja kaka yake kulikomboa.

Tufanye hesabu kidogo. Nyumba ndogo ya vyumba viwili kijijini kwetu wakati huo ilipangishwa kwacha 500 kwa mwezi. Kwa kwacha 15,000 angekaa katika nyumba hiyo miaka miwili na nusu. Mtu atauliza kwa nini hakupanga. Kwa sababu mwenye nyumba alitaka miezi mitatu mbele, naye kila Jumatatu aliamini anaondoka Ijumaa. Bei ya usiku ni bei ya mtu anayepita: ndani yake mna ufuaji wa kila siku, mna hatari ya kitanda kubaki tupu kesho, mna usumbufu wa kupokea na kuaga. Kumtoza mtu bei hiyo mwezi wa nne, wakati hafuliwi, hafagiliwi wala hakuachi na hofu ya kitanda tupu, ni kumuuzia kitu ambacho hakipo. Deni lile la 2,300 halikutokana na ujeuri wake. Lilitokana na bei.

Nirudi kwenye methali, maana ndiko ninakogombea. Kwanza, haimhusu kabisa mtu wa gesti. Inamzungumzia mgeni anayekula bure. Hata mafundisho ya Kiislamu, ambayo yamechangia sana adabu za wageni huko pwani ilikokulia lugha hii, yanaweka siku tatu za haki ya mgeni, na kinachozidi hapo kinahesabiwa sadaka. Mgeni naye anakatazwa kukaa hadi amtie mwenyeji wake dhikini. Yote hayo ni ya ukarimu usio na malipo. Anayelipa kwacha 100 kila jioni amekuja na jembe lake tangu usiku wa kwanza. Kumsomea methali ni kama kumdai nauli mtu aliyekuja na baiskeli yake.

Lakini tuseme mnang'ang'ania kwamba methali inamhusu. Basi isomeni yote. Inasema mpe jembe. Haisemi mwoneshe mlango. Katika jamii ya wakulima, jembe si tusi. Mtu hapewi jembe apige nalo hewa. Anapewa ili aingie shambani, na aliyeingia shambani anayo sehemu katika mavuno. Siku ya tatu mgeni anavuliwa ugeni. Anapewa wajibu, na pamoja na wajibu anapewa mahali. Tumeifanya methali ya kumpokea mtu kuwa methali ya kumfukuza, kisha tunaifundisha hivyo kwa watoto wa sekondari. Mwalimu atakayeona nimepotoka kwenye tafsiri hii namkaribisha anijibu kwa maandishi, nitafurahi.

Serikali ya Zambia yenyewe iliwahi kutufundisha somo hilo, na ilikuwa huku huku kwetu. Mwaka 2017, vita vilipowasukuma watu wa Haut-Katanga na Tanganyika kuvuka mpaka kuingia Chiengi, walipelekwa kwanza Kenani, wilaya ya Nchelenge, kituo cha kupitia. Kituo cha kupitia ni gesti ya wasio na fedha: kila kitu ni cha siku chache, na siku chache hazikuisha. Mapema mwaka 2018 ikafunguliwa Mantapala, na huko familia zikagawiwa viwanja vya kujenga na ardhi ya kulima. Maisha ya Mantapala si rahisi, wala sisemi ni rahisi. Ila pale kuna mtu alitambua kwamba anayekaa miezi hawezi kuendelea kuhesabiwa kama anayelala leo, akampa jembe lenyewe hasa, la chuma na mpini.

Kikwetu mgeni ni umweni. Masikio yenu yatasikia mara moja kwamba ni neno lile lile, tawi la mti mmoja wa Kibantu. Na katika lugha zote mbili neno hili limebeba mizigo miwili: mtu tunayemkirimu na mtu tusiyemjua. Uzuri wake ni mkubwa mtu anapogonga mlango usiku. Ubaya wake huonekana pale mwenye mlango anapochagua mzigo unaomfaa. Wakati wa kutaka uvumilivu, maji yamekatika au paa linavuja, mama wa Pweto alikuwa "mtu wetu wa nyumbani". Wakati wa bei, alikuwa mpita njia. Wakati wa Machi, hakuwa hata mpita njia. Kiswahili kinalo neno jingine, mpangaji, neno kavu lisilo na tabasamu. Nalipendelea neno hilo kavu. Mpangaji hakirimiwi, ana siku ya kulipa na siku ya kuambiwa.

Historia ya bonde letu inaonesha kwamba ugeni usio na mpaka unaweza kuumiza hata kwa upande wa pili. David Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe mnamo Novemba 1867 alimkuta huko mfanyabiashara aitwaye Muhammad bin Saleh, aliyekuja kibiashara na kuzuiliwa kwa miaka kama kumi. Hakuwa mfungwa wa pingu. Alikuwa na nyumba na watu wake. Alikuwa mgeni wa mfalme, na mgeni wa mfalme huondoka mfalme akipenda. Aliondoka baada ya Livingstone kumwombea. Kwa bin Saleh mwenyeji alikataa kufungua mlango, na kwa mama wa Pweto mwenyeji aliufungua kabla ya wakati. Tofauti hiyo naiona ndogo. Katika visa vyote viwili mtu mmoja peke yake ndiye aliyejua ukaaji unaisha lini.

Wenzetu wa mbali wamegombana sana juu ya jambo hili, na wamegombana mahakamani. Uingereza, mwaka 1983, mwanasheria mmoja alimpa Bi. Mountford vyumba huko Bournemouth kwa pauni 37 kwa wiki na kumtilisha saini karatasi iliyosema kwamba hiyo ni ruhusa tu, si upangaji. Kesi ya Street na Mountford ilifika Baraza la Mabwana mwaka 1985. Mabwana wakasema jina la karatasi si kitu: ukimpa mtu chumba akimiliki peke yake, kwa muda, kwa kodi, umempangisha. Jaji Templeman alitoa mfano kwamba mtu aliyetengeneza chombo cha kulimia chenye meno matano ametengeneza uma, hata aape vipi kwamba alikusudia sepetu. Nilicheka niliposoma. Hata Mabwana wa Uingereza waliishia kwenye zana za shamba.

Ni kweli kesi hiyo hiyo ilimtenga mtu wa kulala tu, yule ambaye mwenye nyumba huingia chumbani mwake kumhudumia, na wenye gesti wanaweza kujificha hapo. Lakini nani aliingia namba nne kuhudumia kuanzia Novemba? California nao wana sheria inayokataza hila ya kumtoa mkaaji wa hoteli ya makazi kabla ya siku 30 na kumwandikisha upya ili tu aendelee kuitwa mpita njia. Hila hiyo tunayo Puta bila kuijua: kila Jumatatu daftari linaandika jina lile lile upya, kana kwamba ameshuka kwenye mtumbwi asubuhi hiyo.

Zambia ina Sheria ya Kodi ya mwaka 1972 kwa nyumba za kupanga, na Sheria ya Utalii na Ukarimu ya mwaka 2015 kwa biashara za kulaza wageni. Sijengi hoja yangu juu ya vifungu. Mama wa Pweto hangekwenda mahakamani kwa robota la vitenge, wala mama mdogo. Ninachodai kinaweza kufanywa na watu wawili wenye kalamu moja.

Wenye gesti watanijibu, na jibu lao lina nguvu. Watasema: wewe unamwona mama wa Pweto, sisi tunawakumbuka mafundi. Ni kweli. Miaka kadhaa kabla ya hapo, mkandarasi mmoja aliwaweka wasimamizi wake katika vyumba vitatu vya mama mdogo. Mwezi wa kwanza alilipa. Baada ya hapo ilikuwa "ofisi inashughulikia". Walikaa miezi mitano, wakaondoka alfajiri moja na gari lao, na deni halijalipwa mpaka leo. Mama mdogo alikuwa amekopa kwa ajili ya magodoro yale. Ndiyo maana alishika robota, na ndiyo maana siwezi kumwita mwizi. Watasema zaidi: ukimwandikia mtu karatasi unampa nguvu, kesho hatoki, na Machi yako inaliwa.

Lakini angalieni vizuri. Kilichowapa mafundi nguvu ni ukosefu wa karatasi. Mama mdogo hakuwa na jina la aliyepaswa kulipa, hakuwa na tarehe ambayo ikipita chumba kinafungwa, hakuwa na saini ya mtu wa ofisi. Alikuwa na ahadi za watu waliomwita "Mama" kwa heshima kubwa kila asubuhi. Ukimya ule ule uliomla yeye kwa mafundi ndio aliokuja kuutumia kumla mwingine. Aliyeumwa na nyoka ana haki ya kuogopa unyasi, hana haki ya kumfunga nao jirani.

Na Machi? Machi si ajali. Tarehe 1 Machi inajulikana kwa kila mtoto wa ufukoni. Kama bei inapanda siku hiyo, hilo linasemwa Oktoba. Mtu akijua miezi minne mbele kwamba tarehe fulani atalipa zaidi au atapisha, hajafukuzwa. Mtu akiambiwa jioni kwamba asubuhi si wake, amefukuzwa, hata akiambiwa kwa sauti ya asali.

Likizo iliyopita niliandika ukurasa mmoja kwenye lile daftari, upande wa nyuma, kwa ajili ya kila atakayefikisha usiku wa 30. Bei inageuka ya mwezi: nilipendekeza kwacha 1,200, ambayo bado ni zaidi ya mara mbili ya nyumba ya kupanga, kwa kuwa kuna kitanda, maji na mlinzi. Inalipwa mwanzo wa mwezi, na kama anayelipa ni kampuni, aliyetumwa na kampuni anaweka saini yake kabla mtu hajalala. Wiki mbili za taarifa kwa kila upande. Bei ya Machi imeandikwa. Nani anafagia, nani anafua, imeandikwa. Mizigo ya mtu haishikwi. Mwezi usiolipwa unamaliza makubaliano, basi.

Mama mdogo alifanya hesabu mara moja, yeye ni mwepesi kuliko mimi. Miezi mitano kwa 1,200 ni 6,000. "Umenipotezea 9,000," akasema. Nikamwambia achukue daftari atazame Desemba na Januari, vyumba vinne vitupu kila usiku, na ahesabu ni wangapi waliouliza bei, wakasikia 100 kwa usiku, wakaenda kulala kwa jamaa. Wale 100 kwa usiku za miezi mitano hatazipata tena kwa mtu mwenye akili. Za yule mama alizipata kwa sababu yule mama kila Jumatatu aliamini anaondoka Ijumaa. Na hata hizo hazikutimia, ilibidi robota likae stoo miezi miwili na zaidi likinuka panya.

Alinyamaza. Akausoma tena ukurasa, kidole kikifuata mstari kwa mstari, akaniuliza jambo moja ambalo sikuwa nimeliandika: mkaa ukiwekwa stoo yake, mvua ikiulowesha, ni hasara ya nani? Tumeliongeza.